Kitufe cha Msibani

Kijiba cha roho cha Ampem kilikuwa na jina, na jina hilo ni Okyere.

Okyere alikuwa mtoto wa shangazi yake. Alitoka Tema akaja Kumasi mvua za mwaka uliotangulia zilipoanza, begi moja mgongoni na kompyuta kwapani, na Mzee Dapaah, babake Ampem, akampokea kama mgeni aliyengojwa miaka. Ampem ndiye aliyebeba lile begi mpaka chumbani. Lilikuwa jepesi, na hata wepesi wake ulimuudhi.

Mzee Dapaah alikuwa na ukumbi wa gemu katika mtaa wa Asafo. Ukumbi ule ulikuwa mali ya ukoo. Aliurithi kwa mjomba wake enzi ulipokuwa karakana ya redio, na siku atakapofumba macho utakwenda kwa mpwa wake, yaani Okyere. Ndiyo desturi ya Waashanti: mtoto ni wa ukoo wa mamake. Baba humsomesha mwanawe na kumpa jina, lakini mali ya ukoo si yake kumpa. Ampem aliyajua hayo tangu ana meno ya utoto, ila kujua jambo na kuridhika nalo ni vitu viwili.

Kitu kimoja tu pale ndani alikiona ni chake, nacho ni jukwaa. Kabla ya hapo mashindano ya gemu Kumasi yalipangwa kwa chaki ubaoni, na kila Jumamosi watu walikaribia kushikana mashati kwa sababu fulani kafuta jina la fulani. Ampem alikaa miaka miwili akijenga jukwaa la mtandaoni. Mwenye ukumbi Tafo au Suame anatangaza mashindano yake, timu zinajisajili kwa simu, jukwaa linapanga nani akutane na nani, linapokea matokeo na kuwasogeza washindi mbele mpaka fainali. Mitambo yake ya ndani ilikuwa imara kama jiwe la kusagia. Sura yake ya nje, hata hivyo, ilikuwa balaa.

“Kaka Ampem,” alisema Konadu, nahodha wa timu ya Bantama, msichana ambaye ulimi wake haukuwahi kupata homa, “hili jukwaa lako linaniuliza maswali kuliko mama mkwe. Nataka kucheza mpira wa kwenye skrini, siombi kuolewa.”

Ukumbi mzima ulicheka. Mzee Dapaah alicheka pia, kisha akasema neno ambalo Ampem hakulisahau.

“Okyere, hebu lishike wewe. Litengeneze uso.”

Okyere hakukimbilia kompyuta. Alikaa na wachezaji kwenye benchi la nje, bakuli la waakye, wali uliopikwa na kunde, mapajani, akiwauliza wanapenda nini na wanachukia nini. Ampem alimwangalia kupitia dirishani. Alimwonea wivu kwa jinsi alivyokula, kwa jinsi watu walivyomsogelea wenyewe. Yeye alikuwa amekaa na watu hao miaka, na hakuna aliyewahi kumpunguzia hata kipande cha samaki.

“Unapoteza wakati,” alimwambia. “Jukwaa halijengwi kwa porojo.”

“Kweli, kaka,” Okyere alijibu akipangusa mikono. “Lakini mbona kila Jumamosi jukwaa linatoa nusu ya timu?”

“Kwa sababu wanachelewa. Sheria ni robo saa. Asiyethibitisha kuwa amefika, nje.”

“Hawachelewi. Wako msibani.”

Jumamosi Kumasi ni siku ya mazishi, nani asiyejua? Mji mzima huvaa nyekundu na nyeusi. Huwezi kumwacha shangazi wa jirani azikwe peke yake eti una mechi. Ampem mwenyewe alikuwa na nguo tatu za msiba kabatini. Alizaliwa katika mji huo, na katika miaka yake miwili ya kujenga jambo hilo halikumjia akilini hata mara moja. Akaja mtu wa Tema akaliona kwa mabakuli machache ya waakye.

Wiki iliyofuata Okyere aliwaonyesha kazi yake. Maswali tisa ya kujisajili yalikuwa matatu. Na chini ya jina la kila timu palikuwa na kitufe kidogo chekundu kilichoandikwa *Niko msibani*. Ukikibonyeza, mechi yako inasogezwa mwisho wa raundi na hutolewi.

“Yesu wangu!” Konadu alipiga kelele. “Sasa naweza kumzika mtu kwa utulivu.”

“Waongo watakitumia,” alisema Ampem.

“Mwongo wa msiba?” Konadu alimgeukia. “Hapa Kumasi? Atasema nani kafa? Jioni hiyohiyo watu wataenda kwao kutoa pole, wakamkute huyo maiti anakula fufu!”

Mzee Dapaah alicheka mpaka akashika mbavu, akamkumbatia Okyere begani. “Mwanangu,” alisema. “Mwanangu, umetumaliza.”

Mpwa ana ukumbi. Mpwa ana ukoo. Mpwa sasa alikuwa amepewa hata neno ‘mwanangu’, ambalo Ampem alidhani ndilo pekee hawezi kunyang’anywa. Alitoka nje akajifanya anakagua waya wa umeme.

Yalitangazwa mashindano ya kwanza ya mji mzima, timu kumi na sita, na mechi zote zingechezwa Jumamosi moja palepale Asafo. Mzee Dapaah akasema atawaalika wazee wa ukoo wapite wakitoka msibani, maana ana jambo la kutangaza mbele yao.

“Jambo gani, Baba?”

“Ukiona kuku amefunikwa tenga, ngoja lifunuliwe,” alijibu mzee, akiwa na furaha machoni.

Ampem hakungoja. Alilifunua tenga kichwani mwake, akamwona Okyere ndani. Baba atamtambulisha mrithi wake rasmi na kumkabidhi kila kitu, na jukwaa likiwemo. Siku nzima aliyatafuna mawazo hayo.

Jumamosi asubuhi, Okyere alipokuwa akipanga viti, Ampem alifungua mitambo kwa nywila aliyokuwa nayo peke yake, akakizima kitufe cha msibani. Kwenye simu za watu kilibaki kinaonekana, chekundu vilevile, lakini ukikibonyeza hakifanyi kitu. Sikuvunja chochote, alijiambia. Nimezima tu.

Saa nne raundi ya kwanza ilifunguliwa. Robo saa ikapita, na majina yakaanza kufutika kwenye skrini kubwa ukutani, moja baada ya jingine. Tafo nje. Suame nje. Bantama nje. Watu walisimama.

“Okyere, nini hiki?” aliuliza Mzee Dapaah. “Si ulisema hawatatolewa?”

“Sijui, Mjomba. Ngoja niangalie.”

Kijasho kilikuwa kimemtoka Okyere juu ya mdomo, na Ampem alikiona, akasikia utamu. Haifichiki: alisikia utamu kama wa mtu aliyelamba asali kisirisiri.

Konadu akaingia kwa kishindo, kitambaa chekundu kichwani, simu mkononi. “Nimebonyeza mara ngapi! Namzika babu ya mtu huku natolewa kama mwizi! Okyere, kitufe chako ni pambo la ukutani?”

Okyere alikuwa ameinama kwenye kompyuta ya Ampem, iliyoachwa wazi. Akasoma. Akasoma tena. Kisha akainua macho polepole, akamtazama Ampem. Hakupaza sauti.

“Kaka. Kimezimwa.”

Ampem alitazama pembeni.

“Na ni wewe tu mwenye nywila.”

Hapo ndipo wazee wa ukoo walipoingia, watatu, nguo nyeusi mabegani, mbele yao Nana Bosompem, mkuu wa ukoo. Waliangalia viti vitupu, wakaangaliana. Mzee Dapaah aliona haya, lakini neno lililoitiwa wazee halirudishwi mdomoni. Akasimama.

“Nana, wazee wangu, mmekuta nyumba imechafuka, mnisamehe. Jambo langu ni fupi. Ukumbi huu ni wa ukoo, na nikifa ni wa Okyere. Hilo halina maneno. Lakini humu ndani mwanangu Ampem amejenga kitu kwa akili yake. Sitaki nife watu waseme kilizaliwa kwenye nyumba ya ukoo, kwa hiyo ni cha ukoo. Leo, ningali hai, mbele yenu, jukwaa hili nampa Ampem.”

Mamake, Maame Ataa, ambaye bila shaka alijua siku zote akakatazwa kusema, alisogea kutoka mlangoni, akatoa kikapuni chupa ya kinywaji kikali akamtia mwanawe mkononi. Zawadi ya baba haishiki mpaka mpokeaji atoe shukrani na mashahidi wanywe.

“Mrithi anasemaje?” Nana Bosompem alimgeukia Okyere. “Kitu kimekulia kwenye nyumba yako ya kesho. Ukinywa, umekubali. Usipokunywa, tutarudi kuzungumza.”

Ampem alimimina. Babake akanywa. Wazee wakanywa mmoja mmoja. Akafika kwa Okyere, akamjazia bilauri. Okyere aliipokea kwa mkono wa kulia, akaishika tu.

“Kunywa, kaka,” Ampem alinong’ona.

“Watu wapo makaburini wanazika,” Okyere alijibu kwa sauti ileile ya chini. “Wanadhani nimewadanganya. Nangoja.”

Ukumbi wote uliitazama bilauri ile. Ampem alielewa. Neno moja la Okyere kwa Nana Bosompem lingetosha kumwacha mikono mitupu na jina baya juu yake, na Okyere hakulisema. Alimwachia Ampem aliseme mwenyewe. Ndicho kilichomuuma zaidi. Angetukanwa, angejua la kujibu.

Akaweka chupa chini, akaenda kwenye kompyuta, akaandika ujumbe kwa timu zote: *Kitufe cha msibani nilikizima mimi. Si kosa la Okyere. Timu zilizotolewa zinarudi, raundi inaanza upya jioni. Ampem.*

Simu zililia ukumbini kwa pamoja kama ndege walioshtuliwa. Mzee Dapaah alitoa yake, akaisogeza mbali na macho, akashindwa. “Konadu, nisomee.”

Konadu alisoma. Aliposoma ‘nilikizima mimi’ sauti yake ilipungua, akamalizia taratibu. Mzee Dapaah alimtazama mwanawe, akaitia simu mfukoni.

“Baba anaweza kuibatilisha zawadi yake,” alisema Nana Bosompem.

“Nimeshakunywa,” Mzee Dapaah alijibu. Akakaa.

Okyere akainua bilauri, akanywa yote, akakunja uso kwa ukali wake. Watu wakapiga makofi, na makofi yale, Ampem aliyasikia vizuri, hayakuwa yake.

“Hongera, kaka,” Okyere alisema, akimrudishia bilauri.

Laiti angekataa! Angekataa, Ampem angepata haki ya kumchukia waziwazi. Sasa alikuwa amepewa kitu chake na mtu aliyeweza kumnyima, na ilimbidi ashukuru.

“Haya, mwenye jukwaa,” Konadu alimwambia, amejishika kiuno. “Angalau umetia jina lako. Turudishie mechi basi, kaburi bado bichi na mimi nataka kushinda.”

Ampem aliketi akaanza kurudisha timu, Tafo, Suame, Bantama. Nyuma yake wazee walikuwa wakimuuliza Okyere kile kitufe kinafanyaje kazi, na Mzee Dapaah alikuwa akimsihi ale kwanza kabla chakula hakijapoa.