Kitako cha Bunduki ya Baba

Seremala aliitwa Kobe, jina alilopachikwa na babake kwa uzito wa ulimi wake, nalo likamganda mpaka akaota mvi. Siku baba alipomwita nyumbani, alimkuta barazani na bunduki yake ya uwindaji imefunguliwa, chuma huku, kitako cha mbao kule.

"Kobe, nisafishie hiki. Wazee niliokuwa nikiwinda nao wanakuja Jumapili. Sitaki wauone huo ufa."

Kobe aliujua ufa ule. Ulitokea shingoni mwa kitako siku baba alipompiga nacho mama, na mkono wa mama ukavunjika papo hapo. Baba akakataa asipelekwe hospitali. "Atatia akili," alisema. Mfupa ukajiunga wenyewe, upande upande.

Kazi aliifanyia uani. Alifuta masizi na jasho la miaka kwa tambara lenye tapentaini. Palipobonyea aliweka kitambaa kibichi, akapitisha pasi ya moto, mti ukavimba ukarudi sawa. Ufa akautia gundi na kuubana kwa jiliwa, taratibu, kama anayemfunga mgonjwa bandeji. Mama alimletea chai, kwanza kikombe, kisha akarudi kufuata sukari, maana sinia lilimshinda.

"Mama, na nikikipasua vipande viwili?"

"Wewe utakwenda zako kwa mkeo," mama alisema, jicho mlangoni. "Mimi nitabaki naye. Kibane vizuri, mwanangu."

Akakibana vizuri. Gundi ilipokauka alipiga msasa laini, akapaka mafuta ya kitani kwa kiganja, akarudia tena na tena, mpaka mti ukang'aa rangi ya asali.

Baba alipitisha kidole shingoni mwa kitako. Hakuhisi kitu.

"Aisee! Una mkono mzuri, Kobe."

Tangu azaliwe hakuwahi kusifiwa na mtu huyu. Kifua kilimjaa, akajikuta anachekelea kama mtoto, na mama amesimama pale anamwona.

"Mke wangu, hebu njoo utazame," baba alisema. "Umeona? Kitu kikitunzwa kinapona." Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Kuanzia leo utakifuta wewe kila asubuhi. Ukikiangusha, unanijua."

Mama alikipokea kwa mkono wake mzima, akakibana kifuani.

"Kimependeza," alisema.

Kobe akakusanya vifaa vyake, akaaga. Njia nzima sifa ile ilimrudia masikioni. Aliona haya, akajitukana, lakini bado ilikuwa tamu.