Mwanasesere wa Mwalimu Maggie

Boaz alikuwa fundi wa redio mjini Thika, na kwa miaka miwili alikuwa akiwaficha watu kwamba masikio yake yanakufa. Mashine za kiwanda cha nguo alikofanya kazi zamani ndizo zilizoyamaliza. Wateja walipoongea, yeye alitazama midomo. Waliozoea kupita kupiga gumzo wakadhani amekuwa na maringo, wakaacha kupita.

Siku moja Maggie, mwalimu mstaafu wa Ruiru, alimletea mwanasesere wa zamani mwenye kamba mgongoni. Zamani ukiivuta aliongea; sasa alikuwa bubu. Mamake Maggie alikuwa yaya, akapewa mwanasesere huyo na mwajiri wake miaka ya sitini.

Boaz alimfungua. Ndani mlikuwa na kisahani kidogo cha santuri, sindano yake, na mshipi wa mpira wa kukizungusha, ulioyeyuka ukawa kama lami. Alisafisha kila kitu kwa spiriti, akaweka mshipi wa redio kaseti, akavuta kamba. Kisahani kilizunguka. Alipogusa koni ya karatasi inayotoa sauti alihisi ikitetemeka, lakini hakujua kama ni maneno au mkwaruzo tu.

Akampelekea Mama Ciku, jirani aliyeuza mitumba.

"Hebu sikiza uniambie."

Mama Ciku alicheka mpaka akashika mbavu. "Ngai! Huyu anaongea kama mlevi. Polepole kabisa!"

Mshipi ulikuwa umelegea. Boaz akatafuta mwingine, na mwingine. Mara ya tatu Mama Ciku hakucheka.

"Sasa ni mtoto," alisema.

Jumamosi akampeleka mwanasesere Ruiru. Maggie alivuta kamba, akainamisha kichwa, akavuta tena na tena huku machozi yakimtoka. Boaz alikaa na kikombe chake cha chai, akiitazama furaha aliyoitengeneza kwa mikono yake na asiweze kuingia ndani yake.

Maggie akaongea kidogo akiwa amegeukia dirishani, kisha akangoja jibu.

"Ndiyo, mwalimu," Boaz akasema.

Maggie aligeuka kwa mshangao. "Nimekuuliza una watoto wangapi."

Boaz akaweka kikombe chini. "Sisikii, mwalimu. Hata huyu sijamsikia."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Maggie hakumpa pole. Alisogeza kiti, akakaa mbele yake uso kwa uso.

"Anasema ana njaa," alisema taratibu. "Halafu anasema twende nje tucheze."

Boaz alimwomba arudie.