Ukiinua, Toa Pumzi

Tangu alipofanyiwa upasuaji wa ngiri, Lusweti hakuinuka kitandani asubuhi bila kwanza kulipapasa kovu lake. Mkono ulishuka wenyewe hadi chini ya tumbo, upande wa kulia, na vidole vikatafuta kama kuna kitu kimechomoza. Akikuta pametulia, ndipo alipothubutu kushusha miguu sakafuni.

Alikuwa mtu wa mjengo. Tangu alipofika Nairobi kutoka Kimilili, mwaka wa sabini na tano, alikuwa amebeba mawe kwa miaka kumi na mmoja, na mafundi walimsifu kwa jambo moja: alikuwa akipanda ngazi na jiwe begani bila kutoa hata mguno. Sasa miezi mitatu ilikuwa imepita akiwa nyumbani, na mkewe Nafuna ndiye aliyekuwa akiuza sukuma wiki pale kituo cha basi cha Kawangware 46 ili watoto wale.

Hospitalini, muuguzi mmoja aliyeitwa Sista Kanini alikuwa amemfundisha mazoezi ya kurudisha nguvu. Kwanza kuinua mguu mmoja mmoja akiwa amelala chali, halafu chupa za maji, halafu debe lenye maji robo, nusu, mpaka lijae. Siku atakapoinua debe zima mara kumi bila maumivu, ataweza kurudi kazini polepole.

"Lakini sikiza," Sista Kanini alikuwa amemwambia. "Ukiinua, toa pumzi. Ukishusha, vuta. Ukiibana ndani, tumbo litasukuma hapo tulipokushona."

Maneno mepesi, lakini mwili wa Lusweti uliyakataa. Kila alfajiri alisimama uani, nyuma ya vyumba vya kupanga vya ploti yao, akalikabili lile debe. Alikunja magoti kidogo, akashika utambo wa debe, akajikumbusha: toa pumzi. Mara tu uzito ulipomfika mikononi, koo lilijifunga kama mlango uliosukumwa na upepo. Masikio yakavuma. Akaliweka debe chini upesi, na mkono ukakimbilia kovu.

Jumapili moja alikwenda Kibera kumwona Wekulo, waliyewahi kubeba naye mawe. Wekulo naye alishonwa ngiri mwaka uliotangulia, na Lusweti alitaka kusikia kutoka kwa mtu aliyepita njia hiyo. Alimkuta ameketi mlangoni, amejifunga kitambaa kiunoni.

"Ilirudi," Wekulo alisema kabla hajaulizwa. "Wiki ya pili kazini. Jiwe moja tu, nikasikia kitu kimeachia."

"Hawakukufundisha kupumua?"

"Walinifundisha." Wekulo aliangalia pembeni. "Lakini nipumue vipi mbele ya vijana, fuu, fuu, kama ng'ombe amechoka? Niliona haya. Nikabeba kama zamani."

Lusweti alirudi Kawangware kwa miguu, na njia nzima alijihisi kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake. Usingizi ulimpaa. Asubuhi hakwenda uani.

Nafuna alimkuta amekaa kitandani akiwa amevaa, mikono imelala mapajani.

"Baba Nanjala, debe limekungoja."

"Leo acha."

"Jana Wekulo alikuambia nini?"

Akamweleza yote, hata ile haya. Nafuna akajifunga leso vizuri. "Twende uani," alisema. "Nataka kukuona. Tangu uanze sijawahi kukuangalia."

Lusweti aliposhika utambo, Nafuna alimtazama usoni, si mikononi. Debe likapanda kidogo, likashuka.

"Umefunga mdomo kama mtoto anayekataa dawa," alisema. "Na umefunga kabla hujagusa hata debe. Sasa fanya hivi. Ukiinua, sema kitu. Mtu hawezi kusema akiwa amebana pumzi."

"Niseme nini?"

"Sema Nafuna. Hujaniita hivyo tangu Nanjala azaliwe."

Lusweti alitazama upande wa bomba. Wanawake wawili walikuwa wakifua, na walikuwa wameacha kusugua. Aliinama. "Nafuna," alisema kwa sauti ndogo, na debe likapanda. Jina likaisha debe likiwa bado njiani, koo likafunga tena.

"Livute jina. Lifike mpaka juu."

"Nafuuuna."

Wanawake walicheka, na Nafuna akacheka nao, lakini hakumwondolea macho mumewe. Debe lilipanda hadi kiunoni. Alilishusha akivuta hewa, akasubiri maumivu yamvute chini ya tumbo. Hayakuja. Aliinua tena.

Baada ya wiki tatu aliliinua debe zima mara kumi, na daktari akamruhusu. Jumatatu alisimama mbele ya Thuo, nyapara wa mjengo mmoja upande wa Riruta. Thuo alimfahamu tangu zamani.

"Nasikia ulipasuliwa," Thuo alisema. "Sitaki mtu aniangukie hapa."

"Nipe mawe ya inchi sita, yale madogo. Na nisipande ngazi mwezi huu. Ukiona siwezi, nitaenda mwenyewe."

Thuo alimpima kwa macho. "Fanya mpaka saa sita. Tutaona."

Jiwe la kwanza aliliinua kwa jina refu lililotoka puani na mdomoni pamoja. Kijana mmoja aliyekuwa akichanganya saruji alisimamisha koleo. "Mzee, Nafuna ni nani?"

"Ni bibi yangu."

"Na yuko ndani ya jiwe?"

Wote walicheka. Uso ulimwaka Lusweti, akamkumbuka Wekulo na kile kitambaa kiunoni. Akainama, akaliita jina tena, kwa sauti ile ile.

Alikuwa amefika kama jiwe la ishirini fundi alipomwita kutoka juu, amletee jiwe upesi. Alinyakua bila kufikiri. Koo lilifunga, na papo hapo akasikia kitu kimevuta chini ya tumbo, kama uzi uliokazwa. Aliliachia jiwe. Akakaa chini kwenye kokoto, hakuweza kuzuia mkono. Hakuna aliyecheka. Thuo alikuwa anakuja.

Vidole vilipapasa kovu, vikarudi, vikapapasa tena. Pametulia. Maumivu yalififia polepole, yakabaki joto.

"Nini?" Thuo aliuliza.

"Nimebana pumzi."

Thuo hakuelewa, lakini hakumfukuza. Lusweti alikaa kidogo akivuta na kutoa pumzi. Kisha akasimama, akamwambia fundi angoje, akalichukua jiwe taratibu.

Saa sita Thuo alimwambia arudi kesho, kwa mawe madogo tu. Jioni Nafuna alimwekea ugali mbele, akamuuliza ilikuwaje.

"Nimesahau mara moja," Lusweti alisema.

"Ikauma?"

"Ikavuta. Nilidhani ngiri imerudi."

Nafuna alichukua bakuli la mboga. "Na kesho?"

"Kesho naenda," alisema, akamega tonge. "Naogopa, lakini naenda."

Nafuna alimsogezea mboga.