Tangi la Mapokezi

Mama Vioo alikuwa amezamisha mkono mpaka kwapani ndani ya tangi la samaki la mapokezi, akisugua ukoga, wakati mkuu wa ofisi ya maji alipopita akinyoosha tai.

"Wageni wa makao makuu wako njiani. Wakute samaki wanacheza, umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

Kibao juu ya tangi kilisema: MAJI NA VIUMBE VYA MTO WETU. Uongo mtupu! Maji yalikuwa ya bomba, aliyoyalaza kwenye ndoo mpaka dawa ikaisha nguvu, na perege walitoka bwawa la kufugia. Miaka yote aliifanya kazi hiyo bila kuuliza, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini leo wageni walikuja kuamua kama bomba la taka la kiwanda cha ngozi lizibwe, na tangi hilo ndilo lililoandaliwa kuwa shahidi kwamba mto hauna shida.

Jana kaka yake, mvuvi anayetega samaki kwa madema mtoni, chini ya kiwanda, alimwonyesha miguu iliyojaa vidonda. Zamani madema yake yalileta ningu, kambare, kamba, hata kaa.

"Siku hizi natoa tope na minyoo myekundu, dada. Konokono mwenyewe kahama. Na nyinyi huko ofisini mnasema mto ni mzima?"

Alfajiri alikwenda kwa kaka yake, akarudi na toroli la madumu.

Sasa aliwahamishia perege kwenye ndoo, akamwaga maji yao, akajaza ya mtoni.

Wageni walipoingia, mama mmoja mwenye miwani aliinama kwenye kioo, akaziba pua. "Samaki wako wapi?"

"Wewe! Umefanya nini?" mkuu alifoka.

"Kibao kinasema maji ya mto wetu, bosi. Ndiyo hayo."

"Huna kazi kuanzia leo!" Kisha akawageukia wageni, sauti imelainika ghafla. "Rangi tu hiyo, waheshimiwa. Hayana madhara yoyote."

Mama Vioo aliingia stoo, akatoka na ndoo, akaitua miguuni pa mkuu. Perege walikuwa wanarukaruka.

"Kama hayana madhara, warudishe wewe mwenyewe."

Wageni walimtazama mkuu. Mkuu aliitazama ndoo, mikono nyuma, na hakuinama.

Mama Vioo alivua aproni, akavuta kiti cha wageni, akakaa kusubiri.