Punje Juu ya Kigoda cha Mkwe

Bupe alikuwa akifagia baraza la baba mkwe wake, kama afanyavyo kila asubuhi mzee akishaingia migombani, alipoona punje tatu za mchele juu ya gunia lililokunjwa kwenye kigoda. Mchele! Nyumba ile ilikuwa na wiki nzima inakula ndizi na kande. Mwanamke mwingine angezifagia akaendelea na shughuli zake, lakini Bupe tangu utotoni alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua, na ugonjwa huo hauna dawa. Akachuchumaa. Punje mbili zilikuwa zimekauka na kugeuka manjano. Ya tatu ilikuwa mbichi, nyeupe, na alipoisogelea ikajivuta, ikarefuka kidogo, ikajikunja tena.

"Mwe!" Akaruka nyuma, halafu akarudi kuitazama vizuri zaidi.

Kigoda kilikuwa cha mzee, lakini aliyekitawala ni paka wake, dume la kijivu lililoitwa Mwenyekiti. Bupe akaanza kuunganisha mambo. Siku hizi Mwenyekiti alikula kama mchimba mtaro, lakini mgongo wake ungeweza kuuhesabu mfupa kwa mfupa, huku tumbo limetuna. Manyoya yalikuwa yamesimama, hayana mng'ao. Juzi alitapika kitu kirefu cheupe jikoni, Bupe akadhani ni uzi. Na jana alimwona akiburuza makalio kwenye nyasi. Akaizoa ile punje inayocheza kwa kijiti, akaifunga kwenye kipande cha nailoni.

Kugundua ni jambo moja. Kumwambia mwenye paka ni jambo jingine kabisa.

Siku hizi wengi wamelegeza mila ya wakwe, hasa wa mjini, lakini mzee Andongwisye alikuwa mtu wa zamani, na kwake baba mkwe na mkamwana hawasemeshani, hawatazamani, wala hawapishani njiani. Bupe akisikia kikohozi chake hujibanza nyuma ya jiko mpaka apite. Miaka sita ya ndoa, hajawahi kumwambia hata shikamoo. Maneno yote hupitia kwa mama mkwe, Ikupa, na mama mkwe alikuwa amekwenda Kyela kumtunza binti yake aliyejifungua. Mume wa Bupe yeye hufanya kazi Mbeya na hurudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo pale kijijini Igogwe walibaki watu wawili wasiosemeshana, na paka mmoja ambaye mzee aliongea naye kuliko alivyoongea na binadamu yeyote.

Bupe akampigia simu mama mkwe. "Mama, naomba umwambie baba, paka wake ana minyoo. Mimi naenda Tukuyu kumtafutia dawa. Asimpe kitu chochote mpaka nirudi."

Basi ujumbe wa kuvuka ua wa hatua kumi ukateremka hadi Kyela, ukapanda tena mlima. Tatizo ni kwamba mama Ikupa, pamoja na uzuri wake wote, ni mtu wa kufupisha habari. Mjukuu alikuwa analia mgongoni. Akamwambia mumewe, "Paka wako ana minyoo," akakata simu.

Bupe hakulijua hilo. Alikuwa tayari juu ya bodaboda, nailoni yake mkononi.

Katika duka la dawa za mifugo alimkuta mtaalamu aitwaye Nelson. Alifungua nailoni, akacheka. "Wengi huniletea ng'ombe. Wewe umeniletea punje."

"Ni mdudu gani?"

"Si mdudu mzima. Ni kipande cha tegu. Tegu anaishi utumbo mwembamba, anajikata vipande, vinatoka nyuma ya paka vikiwa na mayai ndani. Vikikauka ndiyo unaona mchele."

"Na tegu aliingiaje?"

"Kwa kiroboto. Paka anajilamba, anammeza kiroboto, na kiroboto kabeba mtoto wa tegu. Au kwa kula panya."

"Na ule uzi aliotapika?"

Nelson akaacha kucheka. Mteja anayeuliza namna hiyo hapatikani kila siku. Alimweleza kwamba uzi ule ni mnyoo wa aina nyingine, wa duara, ndio hasa wanaotunisha tumbo, na kwamba mayai yake huweza kuingia hata kwa watu wanaoshika udongo bila kunawa mikono. Akampa vidonge viwili vinavyoua aina zote mbili, na unga wa viroboto. Kidonge kimoja ni kwa paka wa kilo nne, kwa hiyo lazima apimwe kwanza. Arudiwe baada ya wiki mbili. Lile gunia lichomwe moto.

"Nyumbani kuna dawa ya minyoo ya mbuzi," Bupe akasema.

"Usithubutu! Hiyo ni ya kumpimia mbuzi. Ukimkadiria paka kwa macho, unaweza kumzika jioni. Nimeshawaona wakitoka povu."

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka Bupe aliporudi. Alipofika nyuma ya jiko akachungulia. Mzee alikuwa amekaa barazani, amembana Mwenyekiti katikati ya magoti. Mkono mmoja ulishika chupa ya dawa ya mbuzi, mwingine bomba la sindano lisilo na sindano, limejaa mpaka juu. Mzee wa watu alikuwa anamwokoa paka wake.

Bupe akabonyeza namba ya mama mkwe. Haipatikani. Akabonyeza tena. Haipatikani. Mzee alikuwa anafungua mdomo wa paka kwa kidole gumba.

Kumwita asingeweza, ulimi ulikataa. Kunyamaza nako ni kumwua Mwenyekiti. Bupe akajibanza ukutani, akafumba macho, akapaza sauti.

"Mwenyekiti! Wewe Mwenyekiti! Usikubali kunywa hiyo dawa! Ni ya mbuzi, itakuua! Dawa yako ninayo mimi hapa!"

Kuku waliendelea kuparua uani. Bupe alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kisha sauti ya mzee ikasikika, pole pole, ikielekea chini magotini. "Mwenyekiti, hebu muulize huyo anayesema. Kwa nini dawa ya mbusi isifae? Mbusi si mnyama?"

"Mwenyekiti, sema hivi: mbuzi ana kilo thelathini, wewe huna hata tatu."

"Hm." Bomba likawekwa chini. Bupe alilisikia likigonga ubao. "Basi, Mwenyekiti, muulize tena. Hao minyoo wameingiaje, na wewe unakula chakula changu mwenyewe?"

Akamweleza paka habari za kiroboto. Paka akaulizwa kama kiroboto mwenyewe haumwi tumbo. Bupe akakiri kwamba hilo hakuliuliza. Ikaja zamu ya panya, ikaja zamu ya tegu anayejikata vipande, na mzee akataka kujua tegu akishajikata kichwa hubaki wapi. Bupe alijikuta anatabasamu kule nyuma ya jiko. Miaka sita alidhani ugonjwa wa kutaka kujua uko kwake peke yake katika nyumba ile.

Lakini kumpa paka kidonge si kazi ya mtu mmoja. Bupe akajifunika kanga mpaka usoni, akatoka na mizani ya viazi na kiroba. Mzee akageuzia uso kwenye migomba, akamtumbukiza Mwenyekiti kirobani. Kilo mbili kamili. Nusu kidonge. Mzee akamfungasha katika koti lake, kikabaki kichwa tu, huku bado akitazama migomba kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Nusu ya kwanza paka aliitema. Ya pili Bupe aliisukuma mpaka nyuma ya ulimi, akamshika mdomo, akampapasa koo. Akameza.

"Ndaga," mzee akasema. Paka alikuwa hajafanya lolote la kushukuriwa.

Wiki mbili zikapita. Tumbo la Mwenyekiti lilikuwa limerudi ndani, manyoya yamelala, na nusu ya kidonge cha pili aliimeza kwa matusi yake yote ya paka. Mama Ikupa alirudi kutoka Kyela na mchele na habari za mjukuu, na maneno ya nyumba ile yakarudi kupitia kwake kama zamani. Bupe aliona kama ameporwa kitu. Hakumwambia mtu.

Siku moja alasiri mama mkwe alikwenda kwaya. Paka alikuwa shambani akiwinda. Bupe alikuwa anamenya ndizi, akasikia kikohozi kinakuja, akainuka ajifiche. Hatua zikasimama nje ya mlango wa jiko. Zikakaa hapo muda mrefu.

"Bupe," mzee akasema. "Hivi yai la mnyoo lina ukubwa gani?"

Kisu kilimponyoka. Alitazama huku na huku kumtafuta paka, hakumwona.

"Halionekani kwa macho, baba," akajibu.

"Hm," mzee akasema, akavuta kigogo cha kuni, akakaa. "Sasa hao wataalamu waliliona kwa kitu gani?"