Katambuga za Khoan

Jembe la Nhan liligota, lakini mlio haukuwa wa chuma. Alichutama akafukua kwa vidole. Lilianza kutokea buti, kisha mifupa, kisha kibati cha shingoni. Akakifuta kwa mate, akasoma jina la kaka yake, Khoan.

Tangu vita viishe Nhan alichimba vyuma chakavu chini ya kuta za ngome ya Quang Tri, akiuza vipande vya mabomu kwa uzito. Wakati wa vita hivyo, kiangazi kizima mji ule ulisagwa, kuanzia Mto Thach Han hadi barabara kuu, hapakusalia paa. Khoan alipigania Kusini, upande ulioshindwa.

Alimwendea Tuc, msimamizi wa makaburi ya mashujaa, akamwambia amefukua mtu. Hakusema nani.

"Kavaa nini miguuni?" Tuc aliuliza huku akila wali wake.

"Buti, ndugu."

"Basi huyo kibaraka wa Kusini. Mtupe mtoni, dada. Hapa tunazika watu."

Nhan alirudi shimoni. Kwenye gunia lake mlikuwa na katambuga kuukuu, viatu vya matairi vya askari wa Kaskazini, ambavyo havikupata mnunuzi. Akamvua kaka yake buti, akatoa vidole vilivyobaki ndani, akavipanga juu ya katambuga. Kibati akakichanganya na vyuma vya kuuza.

Keshoye alimwambia Tuc amepata mwingine. Khoan akazikwa kwa ngoma na bendera, kaburi lake likawekewa nyota nyekundu bila jina. Tuc alilia. Nhan, aliyeogopa kuonekana analia kupita kiasi, hakulia.

Mvua zilipoanza, akaja bibi kizee kutoka Kaskazini, Thuyet. Mpiga ramli alikuwa amemwambia kuwa mwanawe aliyekufa vitani amelala safu ya karibu na kisima. Bibi alipita akigusa mawe ya makaburi, akafika kwa Khoan, akalikumbatia kaburi.

"Ni huyu. Mwili wangu umesisimka. Namrudisha nyumbani."

Tuc alimwita Nhan, akamwambia amchimbie mama wa watu, maana hakuna aliyemzidi kwa mkono mwepesi.

Nhan alichimba. Bibi alipokea kila mfupa, akauosha kwa pombe ya mchele, akausemesha kwa jina la mtoto mwingine. Alipopewa fuvu alilibusu kwenye paji, kisha akamshika Nhan mkono.

"Una ndugu aliyekufa vitani, mwanangu?"

"Sina, mama," alisema Nhan.

Jioni alimsindikiza stesheni, akambebea sanduku la mifupa hadi ndani ya behewa. Treni ilipoondoka kuelekea kaskazini, bibi alikuwa amevua kitambaa chake cha kichwani, analifunika sanduku lisipate baridi ya dirishani.