Waliohamia Chapu

Kulikuwa na wakati Palma nzima, mji wa kaskazini mwa Msumbiji, iliingia kwenye intaneti kwa mkono wa Wahida, na yeye hakumwacha mtu asahau. Ukinunua simu ulikwenda moja kwa moja barazani kwake, ukamkabidhi, naye akakurushia navegador kutoka simu yake hadi yako bila kula hata mega moja ya bando. Navegador ndicho kile kivinjari cha kufungulia kurasa. Watu wa Palma wanakiita hivyo kwa kuwa ndivyo walivyokisikia kwa Kireno shuleni. Ya Wahida ilikuwa na alama ya jani, basi ikaitwa Kijani. Ikasambaa mjini kama upele. Harusini, msibani, kwenye foleni ya hospitali, mwenye nayo alimrushia aliyeketi naye, na huyo akamrushia mwingine.

Usidhani waliipenda. Hakuna aliyeipima na nyingine akaona hii bora. Simu zilikuja na navegador zao za kuzaliwa, na Wahida alizizima bila kumwuliza mwenye simu, kisha akaiweka Kijani pale chini, mahali kidole gumba kinapofika bila kutafuta. Mtu akiuliza ile yake imekwenda wapi, alijibiwa, "Unataka kunifundisha kazi?" Alikuwa na ulimi, Wahida huyu, Mama Umi kama walivyomwita, na mji ulimvumilia kwa sababu ulimhitaji.

Halafu akaja Chamsudine. Huyu alikuwa muuza simu, wa ukoo wa Mtwara, akafungua duka lenye taa nyingi karibu na soko. Simu zake zilivuka Rovuma zikiwa tayari na navegador mpya, Chapu, yenye kindege cha bluu. Chapu ilizibana picha mpaka zikawa kidogo kabisa, mega zikadumu wiki nzima, na wenyewe walioitengeneza walimpa Chamsudine chochote kwa kila simu aliyoitia. Uliyepeleka simu kubadilisha kioo uliondoka na kioo na kindege, na Kijani umefutiwa. Ukinung'unika ulipewa mega za bure za Ijumaa, ukanyamaza. Vijana walihama kwanza. Mama zao wakafuata, maana vijana ndio wanaowashikia simu. Mwisho wakahama hata wale ambao hawakujua kwamba wamehama, wakaona tu rangi imebadilika.

Wahida akabaki na baraza lake na ndoo ya maji ya kunywa aliyokuwa akiwawekea wateja. Siku moja alikwenda dukani kwa Chamsudine kununua chaja, na bintiye Umi alikuwa naye. Chamsudine aliichukua simu yake aijaribu, akaona lile jani, akaiinua juu watu waione.

"Njooni mtazame," alisema. "Kijani ingali hai. Mama Umi, hii si ya kutumia tena, hii ni ya kuzikwa."

Watu wakacheka. Mume wa Wahida alipotea zile siku mji ulipovamiwa na watu wakaukimbia, na mpaka leo hajui alianguka njia gani wala nani alimfukia, kama alifukiwa. Chamsudine hakulikumbuka hilo, wala hao waliocheka. Rachida, shoga yake Umi tangu utoto, alicheka mpaka akashika meza. Umi hakucheka, lakini aliinamisha uso kama aliyefedheheka, na hilo ndilo lililomkata mama yake kuliko yote. Wahida alirudi nyumbani bila chaja.

Ndipo zikatoka vaga, yaani nafasi za kazi. Kampuni moja ya mapishi iliyomo ndani ya uzio wa mradi wa gesi wa Afungi ilitaka wasichana wa jikoni, na maombi yalipokelewa kwa intaneti tu: jaza jina na namba, bandika picha ya bilhete, kile kitambulisho, bandika picha ya cheti cha shule, bonyeza. Mji mzima ulizungumza hilo. Kwa wengine ilikuwa bahati ya kujaribu. Kwa Umi ilikuwa maisha yake yenyewe, na hapa ni lazima nieleze.

Mjomba wake, Suleimane, kaka yake Wahida, alikuwa ameshampokea mposaji. Mwinyimadi, mchuuzi wa papa mkavu, mzee wa wake wawili, mmoja wao mkubwa kuliko Wahida. Anatafuna tumbaku na anatema popote alipo. Umi aliomba aseme mbele ya watu wazima, akasema taratibu, "Nikipata kazi, jibu ni hapana. Nikikosa, jibu ni ndiyo, na sitamsumbua mtu." Suleimane akakubali. Mwinyimadi akakubali, akatema. Wahida aliijua vizuri damu ya mwanawe: Umi akitoa neno, halirudi.

Kwa hiyo Wahida mwenyewe alimwandikia. Alikaa barazani asubuhi, akafungua Kijani, akajaza jina la Umi, akabandika bilhete na cheti, na mahali pa namba ya simu akaandika namba yake yeye, kwa kuwa simu ya Umi kutwa ilikuwa haina chaji. Jibu likaja palepale na alama ya kijani ya kukubali, na chini yake kwa maandishi madogo ilisema nyaraka mbili zimepokelewa. Wahida akashukuru Mungu, akaenda kutwanga.

Siku chache baadaye Somoe, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja kwa mlango wa uani, amejitanda khanga mpaka puani asionwe akirudi kwa fundi wa zamani.

"Mama Umi, nimemtumia mwanangu maombi kwa hii Chapu yao," alinong'ona. "Imeleta alama. Lakini moyo wangu hautulii. Nitazamie."

Wahida aliishika simu. Alama ilikuwepo, nzuri, kubwa. Chini, kwa yale maandishi madogo, iliandikwa: nyaraka, hakuna. Akaelewa mara moja. Chapu ilizibana picha mpaka hazikuwa tena picha, na kule zilikokwenda hazikupokelewa. Kitu kilekile kilichowafanya waipende, kuwaokolea mega, ndicho kilichokuwa kinawatupa nje ya uzio, mji mzima, na hakuna hata mmoja aliyesoma maandishi madogo.

Alikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi pana kabisa, ya kufaa mtu mwema. Lakini alikumbuka simu yake ikiinuliwa juu na watu wakicheka, kisha akapiga hesabu nyingine iliyo mbaya zaidi: kila aliyetuma kwa Chapu ni mmoja aliyempisha Umi. Akamrudishia Somoe simu.

"Iko sawa," alisema. "Wewe una wasiwasi tu."

Somoe alimbusu mkono. Wahida akauacha mkono ubusiwe, akamwona anatoka na furaha yake, na hakuona haya. Tuseme kweli, aliona raha. Jioni alipika samaki wa nazi na kula akashiba.

Siku ya mwisho ya kutuma iliangukia siku ya hina ya Zubeida, binti wa jirani mwingine aliyekuwa anaolewa. Wanawake walijaa ua. Bibi harusi na shoga zake walikaa mkekani, mikono na miguu imepakwa na kufungwa vitambaa, na kwa desturi ya hapa aliyefungwa hina hashiki kitu. Hujikuni, hujilishi, hata simu ikilia unashikiwa na mwenzio. Umi alikuwa mmoja wa waliofungwa. Rachida alikataa hina siku hiyo kwa sababu ya kidonda kidoleni, basi akawa ndiye mkono wa wote. Alipita na simu za wasichana, akiwajazia wale waliochelewa, anaonyesha kindege chake cha bluu kama aliyekitaga yeye.

Wahida alikuwa jikoni nyuma, anakaanga vitunguu vya pilau, moshi machoni. Wanawake waliokuwa wanamenya viazi walikuwa wanamchokoza.

"Mama Umi, Kijani hajambo? Imeshaota mizizi?"

"Mwacheni, ataifungia hirizi."

Alicheka nao, kicheko cha meno tu. Ndipo Rachida akatokea mlangoni na simu mkononi, akamnyooshea juu ya sufuria.

"Mama Umi, wewe ndiye uliyekuwa fundi wetu," alisema, na wanawake wakaguna wakifurahia. "Hebu tazama. Tumejaza yote. Tubonyeze, au kuna kosa?"

Wahida alikiona kile kindege pembeni ya kioo. Hakusoma kingine. Mwiko ulikuwa mkono wa kulia, vitunguu vilikuwa vinaanza kuungua, na wote walikuwa wanamtazama wakingoja aumbuke. Akajisemea moyoni: haya, nendeni mkaumbuke nyinyi.

"Hakuna kosa," alisema kwa sauti ya kusikiwa na ua mzima. "Imejazwa vizuri sana. Bonyezeni."

Rachida akarudi mkekani. Muda kidogo ukasikika vigelegele vya wasichana, na Wahida akageuza vitunguu vyake.

Majibu yalikuja siku ya jua kali, mchana, watu wamekaa vivulini. Ilianza simu ya Somoe, Wahida akaisikia mpaka kwake. Kisha nyumba ya pili, kisha ng'ambo ya njia. Kila simu ililia mlio mfupi wa ujumbe, na baada ya kila mlio mtu aliguna au akatukana. Maombi hayakukamilika, ndivyo ulivyosema ujumbe. Nyaraka hazikupatikana, na muda umekwisha. Wahida aliketi barazani, simu yake mapajani, anahesabu nyumba kwa masikio. Alikuwa anatabasamu, usimfichie. Simu yake ilikuwa kimya, na kila dakika ilivyozidi kuwa kimya ndivyo alivyozidi kuamini.

Simu iliyolia ilikuwa ya ndani. Umi akatoka, amesimama kwenye mlango, kioo kinawaka mkononi.

"Mama, wameandika."

"Wamekuandikia wewe? Namba niliyoweka ni yangu."

"Nilibadilisha." Umi alisema polepole, anaendelea kusoma. "Niliona haya, mama, msichana mzima kutafutiwa kazi kwa simu ya mama yake. Na nilitaka wakipiga wanipate mwenyewe. Siku ya hina ya Zubeida nikatuma upya na namba yangu. Walisema ukituma mara ya pili, ile ya kwanza inajifuta."

Wahida aliigeuza simu yake kifudifudi mapajani.

"Nilituma kwa Chapu ya Rachida," Umi aliendelea. "Kijani niliogopa kuifungua mbele yao, walikuwa wanakucheka. Mikono yangu ilikuwa imefungwa, ikabidi Rachida anishikie. Lakini nilimkataza asibonyeze. Nilimwambia nenda jikoni kamwonyeshe mama kwanza. Mama akisema sawa, ndiyo ubonyeze."

"Sikuona jina," alisema Wahida.

Neno lilimtoka lenyewe. Angeweza kusema mambo elfu, na alisema hilo. Umi aliinua macho kutoka kwenye simu.

"Hukuona jina la nani, mama?"

Nyumba ya tatu Somoe alikuwa ameanza kulia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisichojali wapita njia. Umi alimsikiliza Somoe, akamtazama mama yake, akasikiliza tena. Alikuwa msichana mwepesi wa kuelewa, mama yake mwenyewe ndiye aliyemlea hivyo. Hakuuliza mara ya pili. Aliingia ndani, na jioni mjomba Suleimane alipokuja alimkuta ameshaoga na kuvaa, akampa jibu lake kabla hajaulizwa.

Unaweza kudhani mji uliiacha Chapu baada ya hapo. Hata. Chamsudine aliwaambia kosa ni la ukurasa wa kampuni, akawapa mega za bure Ijumaa ile, wakaridhika. Wa kuwaeleza kweli alikuwa mmoja tu, na hakuweza kuwaeleza lini aliijua bila kuvuliwa nguo mbele ya Somoe na mji mzima. Siku moja hata Kijani ilikoma kufunguka, wenyewe wakaiacha, na Wahida akapeleka simu yake dukani kwa Chamsudine kimyakimya akatiliwa kindege. Chamsudine hakumcheka. Alikwishamsahau.

Umi hakumgombeza mama yake hata siku moja, na laiti angemgombeza. Alimwamkia asubuhi, alimtengea maji, alimjibu anapoulizwa. Mwinyimadi alileta magunia ya mchele na mbuzi wawili, akakaa barazani akitema upande ule ilipokuwa ndoo ya wateja.

Siku ya hina, ua wa Wahida ulijaa wanawake walewale. Umi alikaa katikati ya mkeka, mikono imepakwa mpaka viwikoni na kufungwa vitambaa, uso umetulia kama wa mgonjwa aliyeacha kuuliza dawa. Wahida alikuwa amekaa karibu, anamlisha tambi kwa kijiko. Mwana alifungua kinywa kila kijiko kilipofika, akatafuna, akameza.

Simu ya Umi ikalia juu ya mkeka. Wahida akaweka sahani chini, akaiokota na kuinyoosha sikioni mwa mwanawe, kama desturi inavyotaka.

Umi akarudisha kichwa nyuma.

"Mpe Rachida anishikie," alisema, kwa upole, wanawake wote wakisikia. "Yeye alikuwa hajui."

Rachida, ambaye mpaka leo hajajua, alikuja mbio akaipokea simu. Wahida akaichukua sahani ya tambi, akainuka, akaenda jikoni, maana vitunguu vilikuwa vinataka kugeuzwa.